Tangi Lililoanguka kwa Kipyegon

Ndege za kivita nilizijua kwa masikio kabla ya macho, na mwaka ule wa tisini na saba zilininyima raha kuanzia Januari. Zilikuja mbili mbili, kama saa nne asubuhi, kutoka upande wa Londiani. Zilishuka chini mpaka wachuma chai wakajilaza kati ya mistari na vikapu mgongoni, kisha zikaelekea Sotik na kupotea. Wenzangu kiwandani walitoka nje kuzitazama wakipunga mikono. Mimi nilibaki ndani karibu na boila, nikijifanya nakaza nati niliyokuwa nimeikaza tangu Jumatatu.

Nilikuwa na sababu. Kabla sijawa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, nilikuwa fundi wa ndege hizo hizo. Miaka minne nilizifungua na kuzifunga, nikazijua kuliko nilivyomjua mama yangu. Mwaka wa themanini na mbili wenzetu wa jeshi la anga walipojaribu kuipindua serikali wakashindwa, niliachishwa kazi pamoja na wengine wengi, nikarudi uraiani na sanduku la mbao na tabia ya kuinamisha kichwa nikimwona mtu mwenye sare. Nilipohamia huku kutoka ziwani nilisema nilikuwa fundi wa matrekta. Hata Molly, binti yangu, alijua ni matrekta. Aliyejua ukweli ni mke wangu Dorcus peke yake, na jina la ile ndege hatukulitaja hata tukiwa wawili chumbani.

Ni ndege ya kazi mbili. Ikifungiwa mabomu chini ya mbawa, siku hiyo ni ya kupiga walio ardhini. Ikiachiwa makombora mawili tu kwenye ncha za mbawa, ni ya kupigana na ndege nyingine huko juu. Ndege ni moja, rubani ni yule yule, na mtu aliyesimama kwenye chai yake hawezi kujua leo imetumwa kazi ipi. Mimi niliweza. Nilichungulia kwenye dirisha la chumba cha boila nikahesabu vilivyoning'inia.

Safari ikiwa ndefu inaongezewa matangi ya mafuta, marefu, yamechongoka mbele na nyuma. Tangi hilo ndege hailihitaji sana. Mambo yakibadilika huko angani na ndege ikatakiwa kuwa nyepesi, rubani anabonyeza kitufe, tangi linaanguka popote litakapoanguka. Kwa hiyo ukikuta tangi shambani kwako, kuna mawili: ama ndege ilikuwa inaingia vitani, ama ilikuwa taabuni. Jumatano moja ya Februari nilisikia injini moja ikikohoa juu ya paa la kiwanda, nikajua ni la pili.

Mchana huo huo Kipyegon alikuja langoni kuniita. Kipyegon alikuwa jirani yangu, na zaidi ya jirani, kwa maana nyumba yangu ilisimama kwenye shamba lake. Alikuwa na ekari tatu za chai, ng'ombe watano na mke aliyeitwa Rodah.

"Baba Molly, ukitoka kazi pitia kwangu. Kuna kitu nataka uone."

"Kitu gani?"

"Kitu tu. Usiniulizie hapa kwa geti."

Kitu chenyewe alikuwa amekificha nyuma ya zizi na kukifunika kwa majani ya nepia. Akafunua. Lilikuwa tangi, refu kuliko mimi na yeye tukilala kichwa kwa miguu, pua imebonyea, ubavu una michubuko ya matawi ya chai, lakini halikupasuka. Lilikuwa limeangukia kwenye chai nene ya bondeni, yeye na kaka yake wakalivuta kwa kamba na fahali mpaka nyumbani.

"Kwanza nilifikiria ni bomb," akasema. "Nikaigonga na jiwe. Nikasikia iko empty."

"Ukaigonga na jiwe."

"Sasa ningejuaje?"

Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nilicheka, na yeye akacheka, kwa sababu ndivyo tulivyozoeana. Kisha akaniambia anachotaka. Jua la mwaka ule lilikuwa limekausha kijito kilichokuwa karibu, na Rodah na binti yao Chepngeno walikuwa wakipanda kilima na majerikeni mara nane kwa siku ili ng'ombe wanywe. Tangi hilo lingekaa na maji ya siku mbili nzima. Nililotakiwa kufanya ni kulikata mdomo mpana juu, ng'ombe waingize vichwa.

Niliinama kwenye kifuniko, nikanusa. Mafuta ya ndege zile siku hizo yalikuwa mchanganyiko, nusu mafuta ya taa na nusu petroli. Ukinusa unasikia mafuta ya taa tu, yale ya koroboi, ambayo kila nyumba huku inayo chini ya kitanda na hakuna anayeyaogopa. Hapo ndipo yanapomkamata mtu. Nilishawahi kumwona kijana wa Nyeri, fundi mwenzangu, akiinamia tangi ambalo wote tulisema ni tupu, na taa ya waya mkononi. Tupu ndiyo mbaya zaidi. Mafuta yakiwa yamejaa yanawaka, yakibaki mvuke yanalipuka, na yule kijana tulimzika akiwa amefungwa bendeji kichwa kizima.

"Si ni mafuta ya taa tu?" Kipyegon akauliza.

"Si ya taa. Hii usilete moto karibu. Hakuna welding, hakuna sigara, hakuna lampu. Umenisikia?"

"Nimesikia. Lakini wewe umejuaje?"

Swali lenyewe lilikuwa hilo. Lilikuwa limenisubiri miaka kumi na tano, na lilipokuja lilitoka kwa mtu mwema kuliko wote niliowajua. Ningemjibu ukweli, angeliogopa lile tangi kama nilivyoliogopa mimi, na angewaambia watu wote wa boma lake. Nilimtazama machoni, nikasema, "Dereva mmoja wa lori la mafuta aliniambia."

"Ah," akasema Kipyegon, na niliona uzito wa maneno yangu ukipungua palepale usoni mwake.

Nilikata kwa msumeno wa mkono, siku tatu, jioni baada ya kazi. Kabla ya kukata nilitaka tangi lijazwe maji mpaka juu, maana ndiyo njia ya kuufukuza mvuke. Maji hayo yalibebwa na Rodah. Siku ya kwanza alitua jerikeni, akajifuta jasho kwa kitambaa, akaniuliza kwa heshima lakini kwa hasira ya haki yake.

"Baba Molly, ng'ombe wana kiu, na wewe unajazia maji hii chuma. Ya nini?"

"Chuma ikikatwa inapata joto, Mama Chepngeno. Maji yanapoza."

Uongo wa pili. Ule ukweli ulikuwa sentensi moja: ndani ya tangi hili kuna kitu kinachoua. Lakini nyuma ya sentensi hiyo zingefuata nyingine, na mwisho wake ningekuwa nimesimama mbele ya ofisi ya chifu nikieleza nilikuwa wapi mwaka wa themanini na mbili.

Rodah hakustahili uongo wangu. Mwaka wa tisini na mbili, nyumba za watu wa ziwani zilipokuwa zikichomwa huku, yeye ndiye aliyewachukua Dorcus na Molly na kuwaficha siku nne kwenye chumba chake cha maziwa. Vijana walipokuja na pinde kuuliza, alisimama mlangoni akawaambia kwa Kikipsigis kwamba chumba cha maziwa ni cha mwanamke, na mwanamume atakayekanyaga humo atafute mama mwingine wa kumzaa. Waliondoka. Dorcus alilisimulia jambo hilo kila mwaka mpya, na kila mara akalia.

Jumamosi nilimaliza mdomo. Tulimwaga maji, tukaona rangi za upinde wa mvua zikielea juu yake. Nikasugua ndani kwa maji moto na sabuni mpaka mkono wangu ulipoishia, lakini tangi lile lina kuta ndogo ndogo ndani, zimewekwa ili mafuta yasiyumbe ndege ikipinda, na nyuma ya kila ukuta kuna kona isiyofikiwa na mkono. Nilimwambia Kipyegon aliache wazi juani majuma mawili. Akaitikia. Nikarudia yale yale: welding, sigara, lampu. Akaitikia tena, sasa kwa sauti ya mtu aliyechoka kuambiwa.

Baadaye tulikaa nje ya jikoni, jua bado liko juu ya milima, na Rodah akatuletea mursik. Watu walitoka mpaka Kipkelion kuja kununua maziwa yale ya kugandisha, na siri yake ilikuwa chombo. Siku ile alikuwa akitayarisha kibuyu kingine huku tukiongea. Alishika kijiti cha mti wa senetwet ambacho ncha yake ilikuwa kaa jekundu, akakiingiza ndani ya kibuyu, akakizungusha, akakiponda humo kwa fimbo ya kusugulia, moshi mtamu ukatoka. Akanusa mdomo wa kibuyu, akatikisa kichwa, akachukua kaa jingine.

"Kibuyu ikiwa na harufu, huwezi kuiosha na maji ikaisha," akamwambia Chepngeno, aliyekuwa akijifunza. "Harufu inatolewa na moto."

Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Nilikuwa na kikombe mkononi, tangi liko hatua thelathini nyuma yangu, na nilisifu maziwa. Mungu anisamehe, niliomba kuongezewa.

Jumatatu walikuja wanajeshi wanne kwa Landrova, pamoja na naibu wa chifu. Walisimama kwenye kituo cha kupimia majani, ambako nilikuwa nimeenda kurekebisha mizani. Afisa wao, kijana mpole, alisema kuna kifaa cha ndege kimeanguka sehemu hii, na aliyekipata akirudishe, hakuna ubaya. Kipyegon alikuwa kwenye foleni na gunia lake, akatazama viatu vyake.

"Ni hatari," afisa akasema. "Kuna mtu hapa anaelewa mambo ya ndege awaeleze wenzake?"

Nikaingiza kichwa chini ya mizani. Nilibaki humo, nikihesabu skrubu, mpaka Landrova ilipoondoka. Mtu mmoja tu katika kata ile nzima angeweza kuitikia swali lile, naye alikuwa amejificha chini ya mizani ya majani chai.

Nilipomweleza Dorcus, aliacha kuchambua omena, dagaa wa kwetu ziwani.

"Waambie umejua wapi. Ndio watakusikia."

"Na hao wakirudi? Waulize huyu Otiende alitoka wapi?"

"Waulize. Wewe uliiba nini?"

"Hujui walivyo."

"Mimi namjua Rodah," akasema, kisha akaniita Baba Molly kwa lugha ya kwetu. "Wuon Molly, nenda uongee na Rodah mwenyewe."

Nilimwambia nimeshaongea na mwenye boma, na mwanamume hawezi kwenda kumfundisha mke wa mwenzake kazi za nyumbani kwake. Lilikuwa neno lenye adabu na nililisema kwa sauti kubwa. Dorcus alinitazama kidogo, akarudi kwenye omena zake.

Tangi halikukaa juani majuma mawili. Jua lilikuwa kali, ng'ombe wanalia, na wanajeshi walikuwa wamemtia Kipyegon hofu. Jumanne akalisogeza chini ya paa la zizi ili lisimetemete likaonekana kutoka juu, wakalijaza maji. Alhamisi, nikitoka kazini, nilimkuta Rodah kwenye ua wa miti unaotenganisha boma letu na lao.

"Baba Molly, ng'ombe wamekataa kunywa. Wananusa wanarudi nyuma. Hata ile nyeusi, na hiyo hunywa hata maji ya sabuni."

"Harufu itaisha, mama. Ipatieni jua."

"Jua gani, na Baba Chepngeno hataki itoke nje? Leo tumemwaga yote, nikaifunika na gunia vumbi isiingie." Akatabasamu kidogo. "Wacha. Hiyo harufu mimi nitaimaliza."

"Sawa, mama," nikasema.

Nilikuwa na njaa. Nilikuwa nimesimama kwa muda wa saa kumi mbele ya boila, na niliposikia "nitaimaliza" niliona mwanamke mwenye ndoo na sabuni. Nimelirudia neno lile la "sawa" mara nyingi tangu siku ile, na sijapata namna ya kulisema likawa dogo.

Ijumaa saa nne ndege zilikuja tena. Safari hii nilitoka nje, sijui kwa nini. Zilikuwa mbili, chini sana, na chini ya mbawa zilikuwa zimefungiwa mzigo wa kupiga ardhi. Zilipita juu ya kiwanda, zikapita juu ya kilima chetu, kelele ikazifuata. Nilikuwa bado naziangalia zikiwa ndogo kuelekea Sotik nilipousikia mlipuko. Madirisha ya kiwanda yalitetemeka. Moshi ukainuka nyuma ya kilima, mweusi chini na mweupe juu.

"Wametupiga," mtu mmoja akasema nyuma yangu. "Hao watu wametupiga."

Wanawake walikuwa wakikimbia kutoka kwenye chai, vikapu wamevitupa. Mimi nilikimbia kinyume chao. Nilijua sauti ya bomu na nilijua sauti ile nyingine, na njia nzima niliomba niwe nimesahau tofauti yake.

Paa la zizi lilikuwa halipo. Tangi lilikuwa limefunguka kama jani. Chepngeno alikuwa ameketi chini karibu na jikoni, mzima, akishikilia fungu la vijiti vya senetwet ambavyo mama yake alikuwa amemtuma alete zaidi. Hakuweza kuviachilia. Rodah alikuwa upande wa pili wa zizi. Dorcus alifika kabla yangu na alikuwa ameshamfunika kwa leso yake mwenyewe.

Chepngeno alitueleza polepole. Mama aliwasha kijiti, akakipuliza mpaka kikawa kaa, akainua gunia, akainama kwenye mdomo wa tangi kama anavyofanya kwa chombo chochote chenye harufu. Ndege zilikuwa zimepita tu. Mama alikuwa akizilaani kwa kutisha ndama.

Kata nzima ilisema ni ndege. Naibu wa chifu aliandika ni ndege, kisha akachana karatasi akasema atauliza wakubwa kwanza. Watu waliokuwa hawajawahi kukubaliana hata bei ya nyasi walikubaliana kwamba ndege iliona tangi lake likimeta kwenye zizi na ikarudi kulipiga. Niliwasikia kwenye mazishi, nikawa nalipenda neno lao. Lilikuwa limenitengea mahali pazuri pa kukaa maisha yangu yote, bila mtu kuniuliza lolote.

Tulimzika Jumatano. Watu walipoondoka, Kipyegon alinivuta mpaka kwenye kisiki pale zizini, tukaketi. Alikuwa amenyoa kichwa na alionekana mdogo.

"Watu wanasema ni ndege," akaanza. "Wewe ndiye umekata hiyo kitu, umeingiza mkono ndani. Nataka uniambie. Ni ndege?"

Dorcus alikuwa jikoni kwao akiosha vikombe vya wageni. Niliona mgongo wake mlangoni, umetulia, nikajua anasikiliza.

"Si ndege," nikasema. "Ni tangi. Ni mvuke wa mafuta uliobaki kwenye kona. Mimi sikuwa fundi wa matrekta, Kipyegon. Nilikuwa fundi wa hizo ndege miaka minne. Niliona mtu akifa na tangi tupu kama hili."

Nilingoja anipige, na ningefurahi.

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua."

"Ile siku ya kwanza kabisa."

"Ile siku ya kwanza. Ndiyo maana nilikuambia usilete moto karibu. Nilikuambia mara mbili." Nilijisikia nikijitetea, nikajichukia, lakini mdomo uliendelea. "Welding, sigara, lampu. Nilikuambia."

Kipyegon alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo nisiloweza kulibeba mpaka leo.

"Uliniambia mimi," akasema. "Otiende, mimi tangu nizaliwe sijawahi kusafisha chombo."

Kisha akainuka, akachukua majerikeni mawili yaliyokuwa ya Rodah na kumwita Chepngeno, kwa sababu saa ya ng'ombe kunywa ilikuwa imefika na mto uko mbali.